Maombi Yamekubaliwa

Kanisani kwetu kuna karatasi inayobandikwa karibu na mlango, yenye majina ya watu wa kuombewa. Misa ya Kiswahili husaliwa mara moja kwa mwezi, saa nane mchana, baada ya wenye kanisa kumaliza misa zao za Kiingereza na kwenda zao. Jina langu lilikaa kwenye karatasi ile karibu miaka miwili, chini ya bibi mmoja mwenye kisukari. Kisha likaondolewa. Halikuondolewa kwa ubaya. Liliondolewa kwa sababu maombi yangu yalikuwa yamekubaliwa, na aliyetangaza kwamba yamekubaliwa ni mimi mwenyewe.

Hii ni mara ya tatu naandika jambo hili kwenye daftari. Mara ya kwanza nilijionea huruma mno, nikachana. Mara ya pili nililaumu watu, nikachana pia. Mimi ni wa darasa la saba, na mambo ya sheria nayaeleza kama nilivyoelezwa. Kama kuna pahali nimepotosha, si kwa makusudi.

Nilikuja Toronto kwa viza ya matembezi, kumuuguza dada yangu. Kwetu Morogoro tulizaliwa wawili tu, yeye mkubwa, mimi mdogo. Alikuwa ameishi huku miaka mingi, ana uraia na binti mmoja. Baba wa mtoto hajulikani alipo, na dada hakupenda kuulizwa. Alifariki mwezi wa nne tangu nifike, hapa hapa Weston, kwenye ghorofa hili hili ambalo dirisha lake la jikoni linaangalia mto Humber. Binti alikuwa na miaka minane. Anasikia Kiswahili chote, hata kile cha kusengenya, lakini anajibu kwa Kiingereza. Siku ya mazishi aliniuliza kama nitaondoka. Nilimwambia siondoki. Nilisema tu. Sikujua kama ni ahadi ninayoweza kuitimiza.

Mahakama ya familia ilinipa ulezi. Jaji alikuwa mama mwenye nywele fupi. Aliniuliza mimi mwenyewe, kupitia mkalimani, kama nitamlea mtoto huyu. Nikasema nitamlea. Akaandika, akanitakia heri. Nilitoka pale nikijua mambo yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Sisi Watanzania tumezoea kusikia hili ni jambo la muungano na lile si la muungano, lakini sikuwahi kudhani litanigusa mwilini. Huku ulezi wa watoto unaamuliwa na mahakama ya jimbo, na uhamiaji ni wa serikali ya shirikisho. Kwa hiyo jimbo lilinikabidhi mtoto na serikali kuu ikanitaka niondoke nchini, na kila upande ulikuwa na karatasi yake yenye mhuri.

Nikaombewa ukaazi kwa njia ya ubinadamu na huruma. Hapo ndipo lilipotokea jambo la mama mdogo.

Dada kabla ya kufa aliandika barua kwa mkono wake: namwachia mwanangu mama yake mdogo. Mfasiri aliyeigeuza kwa Kiingereza, sijui alitoka wapi, aliandika kwamba mtoto ameachiwa mama yake aliye kijana. Na kwenye fomu, palipoulizwa watoto wangu, mimi nilijaza jina la binti. Ningejaza nini? Mtoto wa dada yangu ni mtoto wangu, mimi sijui namna nyingine ya kusema. Afisa wa uhamiaji akaweka karatasi pamoja: cheti cha kuzaliwa kina mama mmoja, barua ina mama mwingine kijana, fomu ina mama wa tatu mwenye miaka arobaini na sita. Akaandika kwamba maelezo yangu hayaaminiki na mtoto anaweza kutunzwa na wengine. Ombi limekataliwa.

Nimemfikiria sana afisa yule. Hakuniona, nami sikumwona. Alikuwa na faili mezani, na huenda faili nyingine zilikuwa zinamsubiri. Kwa jinsi karatasi zilivyokuwa, hata mimi ningejitilia shaka. Ninachomlaumu ni kimoja tu, kwamba hakuuliza. Na hata hapo najiuliza, nani alimzuia mwombaji kueleza tangu mwanzo?

Wakili, binti mwembamba wa ofisi ya msaada wa sheria, alisema tutaenda mahakama ya shirikisho. Mimi nikaelewa ni rufaa. Aliyenisahihisha ni jirani yangu wa ghorofa ya sita, mzee wa Kigoa, Mkatoliki mwenzetu, aliyekuwa karani wa mahakama Dar es Salaam ujana wake wote kabla ya kuhamia huku na mkewe. Mke alishafariki. Mzee alikuja kwenye misa yetu ya Kiswahili kila mwezi, akasema Kiingereza cha huku hakimfikishi kwa Mungu.

"Si rufaa, mama," aliniambia. "Ni mapitio. Rufaa, jaji anakuuliza una haki au huna. Mapitio, jaji anamtazama aliyeamua: je, aliamua kwa njia inayoeleweka?"

"Kwa hiyo hataniuliza habari za mtoto?"

"Hatakuuliza hata jina lako."

Alinisindikiza siku ile. Tulipanda treni ya Weston kwenda mjini, mimi na mzee na suti yake ya kahawia ambayo ilikuwa imempwaya. Njiani nilimuuliza kama mtu asiye na karatasi anaruhusiwa kusimama mbele ya jaji wa nchi hii.

"Katiba yao imeandika 'kila mtu'," alisema. "Zamani serikali ilibisha. Ikasema kila mtu maana yake si kila mtu. Majaji wakuu wakasema kila mtu ni kila mtu aliyekanyaga hapa."

"Hata mimi?"

"Wewe umekanyaga au hujakanyaga?"

Nilitazama mabuti yangu.

"Ndivyo sheria ilivyo hapa," akaendelea. "Sehemu iko kwenye katiba, sehemu bunge limetunga, na sehemu kubwa ni vile majaji walivyosema juu ya hizo mbili. Mtu mmoja anakataliwa, anakwenda kulalamika, jaji anaandika kurasa kumi. Keshokutwa kurasa zile ni sheria kwa mtu ambaye hata hamjuani."

"Basi majaji ndio wanaotunga sheria."

"Usiseme hivyo mbele yao. Watakwambia wao wanasoma tu."

Mahakamani ilikuwa kama alivyosema. Chumba kilikuwa safi, kimya, na zulia lake lilimeza nyayo. Wakili wangu alisimama, wakili wa serikali akasimama, wakazungumza kwa adabu kuhusu mtu waliyemwita mwombaji. Nilikaa benchi la nyuma nimeshika pochi. Jaji alikuwa mwanamume wa makamo mwenye mafua, aliyepenga kamasi mara kwa mara na kuomba radhi. Sikuelewa yote, lakini mara sita nilisikia neno langu. Mama mdogo. Wakili alilitamka vibaya, wa serikali akalitamka vibaya zaidi, jaji akaomba waliandike. Nilitaka kusimama niwaambie linavyotamkwa, mzee akanibana mkono. Jaji alinitazama mara moja tu, alipokuwa akitoka. Labda alikuwa anatafuta mlango.

Sijawahi kuwa peke yangu kama nilivyokuwa kwenye chumba kile watu wote wakinizungumzia mimi.

Wiki kadhaa zikapita. Siku moja, niko kwenye foleni ya mboga, wakili alipiga simu. Alikuwa na furaha, akasema haraka haraka kwa Kiingereza, na nililoshika ni hili: maombi yamekubaliwa. Nikamuuliza tena, akarudia, ndiyo, yamekubaliwa, na mengine aliyoongeza yalimezwa na kelele za duka. Nilimpigia Mama Mwenyekiti wa jumuiya yetu hata kabla sijalipia vitunguu.

"Mama Mwenyekiti, maombi yamekubaliwa."

"Maombi yamekubaliwa?" Nikamsikia akiwageukia waliokuwa naye. "Jamani, maombi yamekubaliwa."

Lugha yetu ina neno moja tu. Maombi ni zile karatasi unazopeleka serikalini, maombi ni zile sala, na ombi la kumtaka jaji atazame kazi ya afisa nalo ni maombi. Mimi nilisema ya jaji nikidhani ni ya ukaazi, na wao walisikia ya Mungu.

Jumapili ya misa walikuja kwangu wote, na sufuria zao. Palikuwa na pilau, kachumbari, chapati zilizofungwa kwenye taulo. Mama Mwenyekiti aliongoza wimbo, kisha akanitania mbele za watu kwamba sasa nitafutiwe mchumba mwenye gari.

"Awe na gari na akili," alisema mwingine.

"Vyote viwili? Kwa hii Toronto? Achague."

Binti alicheka kwa sauti. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo tangu mama yake. Alikaa karibu yangu siku nzima, mkono wake kwenye kiwiko changu.

Mzee karani alikuwa pembeni na sahani yake. Aliniomba hukumu aione. Wakili alikuwa ameituma kwa barua pepe na binti akaichapa shuleni, kurasa kumi na moja. Mzee akavaa miwani, akaweka sahani chini, akasoma. Nilimwona akifika ukurasa wa mwisho, akarudi nyuma, akaufikia tena. Kisha akaja jikoni nilikokuwa nikipakua.

"Mama, hukumu nzuri sana hii," alisema polepole. "Aya ya kumi na tisa imezungumzia mama mdogo. Jaji anasema neno la ukoo la watu wengine lisomwe kama wanavyolitumia wenyewe, na afisa asipolielewa aulize kwanza kabla hajamwita mtu mwongo. Na amri ya mahakama ya familia lazima aipime, hawezi kuiruka. Hii watu wataitumia."

"Tumshukuru Mungu."

"Lakini hujapewa kitu."

Nikamwangalia.

"Kilichokubaliwa ni malalamiko yako. Uamuzi wa afisa umefutwa. Faili inarudi kwa afisa mwingine, aanze upya. Anaweza kukubali. Anaweza kukataa tena, mradi aseme sababu zinazoeleweka."

Sebuleni walikuwa wameanza wimbo mwingine. Nilishika mwiko. Nilifikiri, niende sasa hivi niwaambie. Kisha nikamwona binti amekaa miguuni pa Mama Mwenyekiti anasukwa, na nikaona sufuria za watu, na nikajiambia nitasema kesho. Mzee alikunja hukumu, akanirudishia. Alirudi akamalizia pilau yake.

Kesho haikufika. Wiki iliyofuata ilikuwa aibu, na mwezi uliofuata ilikuwa tayari ni uongo, ingawa sikuwa nimefungua mdomo. Mwezi ule ndipo karatasi mpya ilipobandikwa bila jina langu. Nilisimama mbele yake kama mtu anayetafuta jina la mgonjwa wake. Bibi wa kisukari alikuwa bado yupo.

Watu waliacha kuniuliza habari, na walikuwa na haki, kwa sababu aliyepata haulizwi kama amepata. Simu za jioni zilipungua. Mama Mwenyekiti alikuwa na wengine wa kuwahangaikia. Wakipanga safari za kwenda Tanzania Krismasi waliniambia, "Na wewe sasa si unaruka tu," nami nikatabasamu. Jumamosi nilikuwa nampeleka binti maktaba, namsubiri kwenye kiti karibu na dirisha, na zilipita Jumamosi ambazo sikusema Kiswahili na mtu mzima hata neno moja. Mzee, aliyekuwa mtu pekee anayejua, alianguka bafuni, na binti yake akamchukua wakaishi Don Mills, upande mwingine wa mji. Alinipigia mara mbili. Mara ya pili aliniita kwa jina la mkewe.

Na binti? Nilimwambia bado kuna karatasi ndogo ndogo. Ndivyo nilivyosema, ndogo ndogo. Alinitazama, akaenda chumbani kwake. Sijui alielewa nini.

Nataka nijitendee haki kama ninavyojaribu kumtendea afisa. Sikuwadanganya watu ili nile pilau. Lakini afisa alisoma neno vibaya akaandika, na mimi nililisema neno vibaya nikajua, kisha nikanyamaza. Nikiweka hayo mawili kwenye mizani, sina uhakika yangu ndiyo nyepesi.

Mwaka ulipita. Majira haya ya baridi, mwanamke mmoja kutoka Bukavu, mgeni kwenye jumuiya yetu, alikuja kugonga mlango wangu akiwa na theluji mabegani. Alikuwa ameongozana na mdogo wake wa kike mwenye miaka sita, ambaye sikujua kama ni mdogo wake au mwanawe mpaka aliponieleza.

"Mama Mwenyekiti amenituma," alisema. "Anasema nije nikushukuru. Avoka wangu ametumia hukumu yako. Hata mimi waliniambia naongopa, ati huyu si ndugu yangu kwa sababu tuna baba mmoja na mama mbalimbali. Avoka akasoma aya ya kumi na tisa. Jaji amekubali. Dosye yangu imepita." Kwao avoka ni wakili, dosye ni faili.

Nilimkaribisha chai. Alikuwa na uso mchangamfu, anavua kofia, anacheka. Alisema Jumapili wanapika. Alisema ameshachagua zawadi ya Mama Mwenyekiti. Kisha akasema jambo lililonifanya niweke birika chini: leo jioni atampigia simu mama yake wa kambo, amwambie mtoto sasa ni wa huku, asimtafutie tena pa kukaa kule.

"Usipige kwanza," nilisema.

"Kwa nini?"

Nikamweleza. Nilieleza kama mzee alivyonieleza jikoni mle mle, kwamba kilichokubaliwa ni malalamiko, kwamba faili inarudi mwanzo kwa afisa mwingine, kwamba anaweza kukataliwa tena kwa sababu zilizoandikwa vizuri. Nilimwambia amuulize wakili wake swali moja tu, maombi gani yamekubaliwa. Alisikiliza bila kupepesa macho. Mtoto alikuwa anachovya mkate kwenye chai.

"Na weye?" akauliza mwishowe. "Weye ni mwaka sasa. Si ulishapewa?"

"Bado."

"Na hawa wote kanisani?"

"Hawajui."

"Na walikula?"

"Walikula."

Alifunika mdomo, nikadhani analia, kumbe anacheka. Alicheka mpaka mtoto naye akaanza bila kujua sababu, na mimi nikajikuta nimecheka. Alikaa mpaka giza lilipoanza, saa kumi na moja ya baridi. Hakupiga simu ile. Alipoondoka alisema atanijulisha akisikia kitu, na mimi nikasema nitamjulisha pia.

Jumapili nilimfuata Mama Mwenyekiti mlangoni, akibandika karatasi.

"Nirudishe jina langu."

"Kwani si yalikubaliwa?"

"Yalikubaliwa kusikilizwa upya. Sijapata ukaazi. Nilijua siku ile ile ya pilau, nikanyamaza."

Alikaa na gundi mkononi. Watu walikuwa wanatupita. Nilingoja anikemee, na angekuwa na haki.

"Mwaka mzima?" alisema.

"Mwaka mzima."

"Mwaka mzima tumekutoa kwenye sala." Alichukua kalamu, akaandika jina langu chini kabisa, pembeni, kwa sababu nafasi ilikuwa imekwisha. Alipogeuka hakunitazama. Amekasirika mpaka leo, naona, lakini jina lipo.

Barua ya afisa wa pili imefika wiki iliyopita. Inataka nieleze, kwa maneno yangu mwenyewe, uhusiano wangu na mtoto. Wakili alisema ataandika yeye. Nikamwambia angoje kidogo. Jana baada ya shule niliandika kwa Kiswahili kwenye meza ya jikoni, ukurasa mmoja na nusu, na binti akakaa na kompyuta kugeuza kwa Kiingereza. Sasa ana miaka kumi na mmoja. Wakili atapitia, lakini nilitaka ipite kwake kwanza.

Alifika mstari wa tatu akasimama.

"Hapa umeandika mama mdogo," alisema. Yote aliyasema kwa Kiingereza isipokuwa hayo maneno mawili. "Niligeuzeje?"

"Liache hivyo hivyo. Jaji aliliacha."

"Jaji anajua Kiswahili?"

"Hajui. Ndiyo maana aliliacha."

Akaliandika. Nje mto ulikuwa umeganda kandokando, katikati maji yanapita.

"Hazikuwa karatasi ndogo ndogo," alisema bila kugeuka.

"Hazikuwa."

"Na wakikataa tena?"

"Wakikataa, lazima waseme kwa nini."

"Hilo si jibu."

"Najua."

Alirudisha vidole juu ya kompyuta. Kisha akauliza, hapa palipoandikwa nimemlea, ni tangu lini, maana mimi nilisahau kuweka tarehe. Nikamwambia aweke tangu mama yake alipokuwa bado hai, tangu zile wiki za mwisho nilipokuwa namwogesha yeye na kumlisha dada. Akaandika. Akanisomea mstari mzima kwa Kiingereza chake cha haraka, na sikuelewa maneno yote, ila mama mdogo nililisikia, na alilitamka sawasawa.